Mtoto wa Dirisha Kipofu

Jumba la Ardvennie lina madirisha mengi, na moja ni la uongo. Tajiri wa magunia kutoka Dundee, huku kwetu Uskoti, aliyelijenga, enzi za Malkia Victoria, alitaka ukuta wa mashariki ulingane kushoto na kulia, wageni wake wakija na magari ya farasi wasione kasoro. Lakini upande wa kulia mafundi walikuwa wamekwisha kupitisha dohani. Basi wakachonga fremu ya mawe mekundu kama za madirisha mengine, wakaziba katikati kwa lipu, na mchoraji akachora vioo vyeusi na pazia lililoteremshwa nusu. Dirisha kipofu. Pesa nyingi, akili kidogo.

Mimi nimekaa kwenye kinyumba cha langoni tangu nilipoolewa, na aliyekuwa akilipaka rangi dirisha lile nimemjua mmoja tu, Wattie Gellatly. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi, na maneno machache. Kijiji kizima alikipaka yeye: milango, mabango ya maduka, hata majeneza. Mvua zetu za Perthshire zikishababua rangi, alikuja akaegemeza ngazi yake ukutani, juu ya matuta ya waridi.

Yeye na mkewe Jess walijaliwa mtoto mmoja, Elspet. Kila asubuhi Wattie akitoka na ngazi begani, Elspet alisimama dirishani kwao, akaweka kiganja kwenye kioo kumuaga baba yake. Msimu mmoja wa baridi, akitoka shule, alikatiza bustani ya jumba akapita juu ya barafu ya bwawa. Bwawa lenyewe lilichimbwa kwa urembo tu, mnara wa jumba upate pa kujitazama. Barafu ikavunjika. Mtunza bustani aliyemkimbilia alisema alichowahi kuona ni mkono.

Theluji ilipoyeyuka, Wattie aliitwa kupaka dirisha. Alishinda juu ya ngazi, hakushuka hata kwa chai. Aliposhuka, nyuma ya vile vioo vya kuchora alikuwa amesimama Elspet: gauni la kijivu, utepe mwekundu kichwani, kiganja kwenye kioo.

Mwenye nyumba wakati huo, Bi Farquhar, alitoka na fimbo yake, akatazama, akarudi ndani. Bwawa lilikuwa lake na hakuwahi kuliwekea uzio. Angesema nini?

Niseme ukweli, niliogopa. Asubuhi kivuli cha mwerezi kikipita ukutani, ule mkono ulikuwa kama unasogea. Nilifagia majani nimeupa ukuta mgongo. Mtu wa posta naye akaacha kupita langoni.

"Njoo uchukue barua zako huku, Ina. Yule mtoto ananitazama."

"Umemkosea nini?"

"Cheka tu. Wewe ndiye unayelala naye."

Jess hakukanyaga tena upande ule. Kwenda kanisani alizunguka kwa njia ya shambani, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Baadaye wakaja watu wa serikali wanaohifadhi majengo ya kale. Wakasifu mnara, na kuta za pembeni zilizopandishwa ngazi ngazi, na paa la mawe meusi, na nyumba ya vioo, na mierezi. Lakini dirisha la uongo lenye mtoto walilipenda kuliko vyote. Jumba zima likawekwa chini ya ulinzi wa sheria, na dirisha pamoja nalo: halifutwi, halibadilishwi, rangi ikififia irudishwe ileile. Wattie alifurahi, nilimwona kwa macho yangu. Serikali ilikuwa imekubali kumtunzia mwanawe.

Miaka ikaenda. Jess akashikwa na ugonjwa wa mapafu, na sote tukajua haponi. Mwaka huohuo rangi ikababuka tena. Siku niliyompelekea supu ya shayiri niliwakuta jikoni, mezani, wakitazamana.

"Mfute, Wattie," Jess alikuwa anasema.

"Sheria imekataa, Mama Elspet."

"Sheria haina mtoto. Mimi ninaye, na wewe umemtundika ukutani akizama."

"Akizama? Anaaga yule! Si ndivyo alivyokuwa akiniaga?"

"Alikuwa akikuaga wewe. Mimi nikifumba macho nauona mkono ule unatoka majini. Mvua inampiga, baridi inampiga, akianza kufifia apumzike, wewe huyo na brashi, unamrudisha palepale. Nataka kufa nikijua mwanangu yuko ndani."

Wattie alinigeukia. "Ina, unamsikia huyu?"

"Msiniingize. Supu inapoa."

Lakini machozi yalikuwa yananitoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mle jikoni wazazi walikuwa wawili, na miaka yote ile hakuna aliyemuuliza mwenzake mkono ule ni wa nini.

Juma lililofuata Wattie alipanda ngazi. Jioni akaja mlangoni kwangu, mikono imejaa rangi. "Kamlete Jess," akasema.

Tulimleta kwa toroli la bustani, amefunikwa blanketi, akinitukana njia nzima kwamba namtikisa kama gunia la viazi. Tulipopinda kona ya waridi akainua kichwa.

Vioo vilikuwa vilevile, pazia lilelile, gauni lilelile la kijivu. Ila mtoto alikuwa amegeuka. Alitugeuzia mgongo, mkono umeshika kitasa cha mlango wa ndani, na mlangoni mlikuwa na mwanga wa moto wa jikoni.

Jess alitazama mpaka nikaogopa amekufa palepale.

"Utepe," akasema. "Asubuhi ile nilimfunga wa kijani."

"Miaka yote nimeupaka mwekundu! Mbona hukuniambia?"

"Ningejuaje? Sijawahi kutazama."

Wattie akachanganya kijani, akapanda tena.

Jess alizikwa kabla majani hayajapukutika, na Wattie hakukaa sana nyuma yake. Kisha akaja bwana mmoja wa majengo ya kale kukagua, mtu mpole, na picha ya zamani mkononi. Alisimama kwenye waridi, akaitazama picha, akalitazama dirisha, akaitazama picha tena.

"Mama Ina, huyu mtoto si alikuwa anatutazama?"

"Alikuwa," nikamwambia. "Kaitwa na mama yake."