Jumamosi Nilizocheza Tango Nimefumba Macho

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumamosi moja alasiri hapa Manyoni, katika ukumbi wa zamani wa watu wa reli, nilipomkanyaga Ester hadi ukanda wa kiatu chake ukakatika mbele ya watu. Nilitaka awe mke wangu, na siku hiyo nusura nimkose.

Tulikuwa tunajifunza kucheza tango. Cheka tu, mjukuu wangu naye aliniuliza kama ni lile la kwenye kachumbari. Hii ni dansi ya watu wawili walioshikana na kutembea pamoja kwa muziki, mmoja anaongoza, mwingine anafuata. Aliyetufundisha ni Mama Roza, mjane wa stesheni masta, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, asiyerudia neno mara mbili. Yeye aliweka santuri, nasi vijana wa reli, walimu na mafundi cherehani wa sokoni kama Ester tukacheza mpaka jua likapoa. Wimbo ukiisha, kijana alimrudisha dada wa watu kwenye kiti chake, akamshukuru, akamwomba mwingine. Hapakuwa na kung'ang'aniana.

Sasa mimi nilizaliwa Mkalama, kwenye kilimo cha ng'ombe, na kazi yangu tangu utoto ilikuwa kushika kamba mbele ya ng'ombe wa plau. Anayeshika kamba hageuki nyuma. Anakaza macho mwisho wa shamba, anavuta, na mstari unanyooka. Baba alikuwa akinisifu kwa majirani, nami nikaamini kwamba kuongoza ndiko huko. Hatua za tango nilizikariri chumbani peke yangu, nimekumbatia mto. Wenzangu wa gengi, kikosi chetu cha kutengeneza reli, wakanisifu, na unajua mwenyewe: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Wiki ileile nilikuwa nimemtuma mjomba apeleke posa kwa kina Ester. Ester mwenyewe sikumwambia neno. Niliona huo ndio uanaume.

Basi Jumamosi ile nikamwinua, nikaanza kuvuta. Alipochelewa nilivuta zaidi. Nilikuwa natazama ukuta wa mbele, nikijisikia fahari, mpaka niliposikia ukanda wa kiatu chake ukikatika chini ya mguu wangu. Ester akaniachia, akakiokota kiatu chake.

"Yona, umewahi kuniuliza kitu chochote?" akasema. "Hata hiyo posa nimeisikia kwa mama."

Akaenda kukaa. Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Nikaelekea mlangoni, lakini Mama Roza alikuwa ameshasimama pale.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Rudi ndani. Miguu unayo, kijana wangu, lakini unavuta. Anayevuta hajui kama wa nyuma yake yu mzima au ameumia. Leo utafuata wewe, nami nitaongoza. Ufumbe macho."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu nililokuwa karibu kulivunja lilikuwa la mtu mwingine. Nikarudi. Wenzangu walicheka wee, wakaniita bibi harusi. Lakini kicheko hakikuniumiza kama hofu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuogopa hivyo akiwa ameshikwa na mama wa makamo asiyemzidi bega. Kila nilipokisia hatua inayokuja nikatangulia, alisimama. "Usikisie," aliniambia. "Sikiliza."

Jumamosi ya tatu ndipo nilipoelewa. Mama Roza hakuwa ananisukuma hata kidogo. Alingoja kwanza uzito wangu utulie juu ya mguu mmoja, ndipo akaukaribisha mwingine. Nilipogundua hivyo nikamkumbuka Ester, jinsi nilivyomburuta na mguu wake ungali hewani, na nikajionea aibu mpaka machozi yakanitoka. Nilishukuru kwamba macho nilikuwa nimeyafumba.

Kesho yake nikamwomba mjomba akaombe posa isubiri kwanza. Alinigombeza sana, akasema namfanya aonekane mtoto mbele ya wakwe, lakini alienda. Mimi Jumatatu nikaenda sokoni, kwenye cherehani ya Ester.

"Ester, wewe unataka nini?" nikamwuliza.

Hakuinua kichwa. Alishona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi, akaikunjua nguo akaikagua. Nami nikangoja. Sijawahi kungoja kitu kizito namna ile.

"Nataka kuendelea kushona hata nikiolewa," akasema. "Na nataka niwe naulizwa."

"Na mimi je? Unanitaka?"

Akacheka kidogo. "Jumamosi utajua."

Jumamosi nikamwomba wimbo. Nikamshika, nikangoja uzito wake utulie. Kabla sijapiga hatua ya kwanza, Ester akafumba macho. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu, na posa ikaendelea.

Leo macho yangu yamekwisha, mwanangu. Daktari kasema hayarudi. Watu wanashangaa mbona sishiki fimbo nikienda kanisani. Ester ananishika mkono. Juzi tulifika kwenye mtaro ule wa njia ya sokoni, akasimama, akangoja mguu wangu utulie, ndipo akanivusha. Sikukisia.

"Kumbe hukusahau," akasema.

Ningesahauje? Mwenda pole hajikwai, wazee wanasema, lakini mimi nakuongezea: mwenda na mwenzake haendi kwa miguu yake peke yake. Ukipewa kuongoza, iwe nyumba, iwe kazi, iwe watoto, usikaze macho mwisho wa shamba ukamsahau uliyemshika. Muulize. Ngoja mguu wake utulie. Na kabla hujaongoza, kubali siku moja kuongozwa, hata wakikucheka, maana hujui siku gani utamhitaji huyo uliyemwongoza.

Mungu akujalie mwenza wa kumwuliza, na sikio la kungoja jibu lake. Na macho yako yatakapochoka kama yangu, mkono utakaokushika uwe wa mtu ambaye hukumburuta. Nenda salama, mwanangu.