Alama za Vema kwenye Daftari la Mazoezi

Baba yangu, fundi cherehani wa Gikondo, mtaa mmoja wa Kigali, ndiye aliyegundua. Ilikuwa mwaka 1991, akimjaribisha mdogo wangu sketi mpya ya shule. Pindo lilikuwa juu upande mmoja. Akalifumua, akapima upya, akashona, likabaki vilevile. Ndipo akamwambia ainame, na sote tukaona mbavu za kulia zimeinuka. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi kumi na saba.

Hospitali walimpiga picha, wakatuonyesha uti wa mgongo uliopinda kama herufi S. Wakatupeleka kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo, mtu wa maneno machache. Alimlaza mdogo wangu ubavu juu ya taulo lililoviringishwa, akauchukua mkono wangu, akauweka pale mbavu zilipobonyea.

"Avute pumzi mpaka ikusukume hapa," aliniambia. "Usipoisikia mkononi, zoezi halijafanyika."

Nusu saa kila siku baada ya shule. Nikapewa daftari, nitie vema kila tukimaliza. Mama yetu alikuwa ameshafariki na baba alikuwa na nguo za watu, kwa hiyo nilibaki mimi.

Mwezi wa kwanza nilifanya vizuri. Kisha wenzangu wakaanza kukusanyika kwa jirani mwenye kaseti mpya za Kikongo, wanasukana na kucheka, saa ileile ya mazoezi. Siku moja nikatia vema bila kufanya kitu. Mdogo wangu akafurahi, maana mazoezi yalimchosha. Wiki iliyofuata nikatia mbili. Mwishowe nilikuwa najaza ukurasa mzima Jumapili, nikibadilisha kalamu ili ionekane kweli.

Yeye ndiye aliyeanza kuuliza.

"Dada, leo tufanye?"

"Kesho."

Mara moja nilimkuta sakafuni juu ya lile taulo, peke yake, amekunja mkono nyuma anajipapasa mbavu. Nilimwona vizuri kabisa. Nikachukua kitenge changu nikatoka.

Baada ya miezi michache picha mpya zilionyesha mpindo umeongezeka. Yule mama akafunua daftari, akazitazama vema zangu, kisha akatutazama sisi. Baba alikuwa amekaa pembeni, kofia yake mapajani.

"Mmefanya kila siku?"

Mdogo wangu akajibu, "Mimi ndiye nilikuwa nakataa. Dada alinionea huruma, akaandika tu."

Baba hakumgombeza. Alisema polepole, "Mwanangu, umejiumiza mwenyewe," na mdogo wangu akainamisha kichwa kana kwamba ni kweli. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao. Nikanyamaza.

Alitengenezewa koseti ngumu ya kuushikilia mgongo, avae mchana na usiku, na mazoezi yakaendelea. Tangu siku hiyo sikukosa hata moja. Mpindo ulisimama pale ulipofika, haukurudi nyuma. Siku moja nilimfuata yule mama peke yangu, nikamweleza ukweli wote, nikamuuliza kama mgongo ungenyooka iwapo tungefanya tangu mwanzo.

"Sijui," alisema. "Kuna migongo inapinda hata mtu akifanya yote."

Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Jibu lile sikujua nilipeleke wapi.

Mwaka 1993, nikimfungia mdogo wangu mikanda ya koseti, nilimuuliza kwa nini alinibebea kosa langu.

"Niliogopa watamtafuta mtu mwingine wa kunishika," alisema. "Wewe ulikuwa unajua mahali."

Nikamwomba msamaha, nikilia. Akaniambia nimekaza mkanda mno, nilegeze kidogo. Nikalegeza.

Baba sikumwambia. Kila nilipokusudia, nilimkuta ameinamia cherehani yake, nikajiambia nitamwambia wakati mwingine. Hayupo tena, na hadi anaondoka aliamini kwamba mvivu alikuwa yule mdogo.