Nilisifu Intaneti Kukatwa, Nikaharibu Mahari ya Dada Yangu

Ndugu musomaji, kosa ni langu. Si la serikali, si la kampuni ya simu, ni la minye na kichwa changu kigumu. Jina langu usiniulize, hapa Mulongwe, mujini Uvira, wamenicheka ya kutosha.

Minye ni ule muntu wa kartie, wa mutaa wetu, anayejua yote. Asubuhi ninakaa mbele ya kinyozi, ninafundisha watu siasa hata kama hakuna aliyeniuliza. Habari za vita zilipoanza kuzunguka na uongo mwingi, watu wakasema serikali inaweza kukata intaneti. Wengine wakalalamika. Minye nikasimama: "Wakate tu! Iko haki yao. Inchi iko na shida, na nyinye munatumiana uongo. Muntu wa akili anaishi bila mutandao." Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Siku zile dada yangu mudogo, tumuite Neema, alikuwa anangoja mahari. Wakwe walikuwa watoke Kamanyola Jumamosi. Kwetu neno la mahari linabebwa na mujumbe, muntu muzima anayekwenda mwenyewe, anakaa, anapewa kinywaji, ndipo anasema. Kazi hiyo ilikuwa ya shangazi yetu. Minye nikamunyang'anya. Nikamwambia, shangazi, pumzika, siku hizi tuko na WhatsApp. Nikaunda grupu ya familia zote mbili, nikajifanya mukubwa wake, nikaweka na picha ya maua.

Halafu muzee wa ukoo wetu akafariki kule Katogota, kwenye barabara ya Kamanyola. Mahari haipokelewi familia ikiwa kwenye kilio. Papa akaniita: "Weye mwenye grupu, waambie wakwe wangoje mupaka tuzike, tumalize."

Nikaandika maneno matamu, kwa heshima na taadhima, nikatuma. Alama ikabaki moja. Intaneti ilikuwa imekatwa asubuhi ile ile.

Kesho yake Papa, asiyejua mambo ya mutandao, akauliza: "Wamejibu?"

"Ndiyo, Papa. Wamekubali, wanatupa pole."

Utaniuliza nilidanganya kwa nini. Simu ya kawaida ilikuwa inapita. Pikipiki za kwenda Kamanyola zilikuwepo. Lakini kupiga simu ilikuwa kukubali mbele ya shangazi kwamba muntu wa akili ameshindwa bila mutandao. Nikajiambia serikali itafungua jioni. Eti jioni. Nani alinipa ratiba ya serikali?

Jumamosi tukawa Katogota, tumekaa kwenye kilio kando ya barabara. Gari ikapita ikitoka Kamanyola kuelekea Uvira, imejaa watu waliovaa vizuri, wamama wanaimba, mbuzi nyuma. Shangazi akainua kichwa. "Wale si wakwe zetu?"

Minye nikaangalia viatu vyangu. "Hapana, shangazi. Wanafanana tu."

Musomaji, nilimuona bwana arusi kwa macho yangu, na koti yake mupya. Ningepunga mukono tu, gari ingesimama. Wangeshuka, wangelia pamoja nasi, na mambo yangeishia hapo. Nikanyamaza kama mujinga, na mujinga ndiye minye.

Walifika Mulongwe wakakuta mulango umefungwa. Wakangoja kwenye jua na mbuzi wao, majirani wanawaangalia. Alasiri wakageuza gari, na barabara ya kurudi Kamanyola ni ile ile moja. Safari hii walituona. Gari ikasimama, baba mudogo wa bwana arusi akashuka.

"Kumbe muko hapa," akasema polepole. "Tumepita mbele yenu asubuhi, na mukatuacha twende."

Papa akashangaa. "Lakini mulijibu kwamba mutangoja."

"Tujibu na nini, muzee? Intaneti si imekatwa?"

Watu wote wakageuka kuniangalia. Neema alikuwa amekaa kati ya wamama, na kitambaa cha kilio kichwani. Alimutazama bwana arusi ndani ya gari. Yule hakushuka.

Walisema familia inayoacha wakwe wapite na mbuzi mbele ya macho yake haiwataki. Tangu siku ile shangazi ameenda Kamanyola mara nyingi kuomba musamaha. Anapewa kiti, anapewa chai, na jibu hapewi.

Intaneti ilirudi. Ujumbe wangu mutamu ukafika wakati hauna kazi, wakausoma, hakuna aliyeandika kitu. Na minye niliyekuwa ninapigia makofi kukatwa kwa mutandao, sikuwa nimejiuliza hata mara moja nani siku ile iko na neno la kupeleka. Nilidhani wenye watanyamazishwa ni wengine.

Neema hakunigombeza. Ananipakulia chakula kama zamani. Siku moja tu aliniuliza: "Yaya, mukubwa wangu, serikali ilikata intaneti. Mudomo wako ulikatwa na nani?"



Weye unayesoma, wakikata tena na uko na neno la muntu mikononi, lipeleke. Piga simu, tuma muntu, enda kwa miguu, fika na aibu yako yote. Minye niliogopa aibu, na dada yangu bado yuko nyumbani anamungoja muntu asiyekuja.