Mwanahija, fundi wa safari za arobaini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mwanahija Bwanausi hajakaa chini tangu afungue mlango. Anaizunguka meza yake, simu moja mkononi, nyingine ikichajiwa juu ya mashine ya kutolea kopi. Chai aliyojimiminia imeshaota utando.

"Yuko Doha," anasema, salamu ikiwa nusu. "Ndege ya pili inaondoka saa moja. Akiikosa hiyo, mwenzio nimekwisha."

Anayezungumziwa ni Bi Hajra Msabaha, mjane wa miaka 67 wa Mji Mkongwe, Bagamoyo. Mwezi mzima uliopita alikuwa Maskati akimlea binti yake mkubwa, Fatu, aliyejifungua mtoto wa kiume. Sasa anakimbilia Leeds, Uingereza, kwa binti yake mdogo, Lulu, ambaye naye amejifungua juzi, kwa kupasuliwa. Akimaliza huko atarudi nyumbani kwa kupitia Makka, kwa Umra. Yuko peke yake, na Kiingereza hajui hata cha kuombea maji.

Safari yote hiyo, ndege kwa ndege na treni kwa teksi, imepangwa na Mwanahija katika chumba hiki kidogo karibu na soko.

Ana miaka 36. Kazi inayoonekana mlangoni ni kuchapa barua na kutoa kopi. Iliyompa jina ni kuwapangia safari akina mama wa pwani, kutoka hapa hadi Pangani, wanaokwenda ng'ambo kulea wazazi, yaani mabinti zao waliojifungua. Kwa desturi ya hapa, aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini, na mama yake ndiye humkanda kwa maji ya moto, humfunga tumbo na kumpikia uji wa pilipili manga. Mabinti wameolewa mbali, lakini arobaini haikubaki nyuma.

Kwa kila safari hutoza shilingi 40,000. Mwezi mzuri hupata safari sita, mwezi mbaya hapati hata moja.

"Watu hudhani kazi ni kutafuta tiketi ya bei ndogo," anasema. "Tiketi hata mtoto ataipata kwenye simu. Kazi ni kujua mama huyu akishuka ataelekea wapi, ataswali wapi, na akipotea atamwonyesha nani karatasi gani."

Karatasi zenyewe ni kadi ngumu, ukubwa wa kiganja, moja kwa kila kituo. Bi Hajra alisoma chuo cha Kurani, shule hakufika mbali. Herufi za Kizungu huzifuata moja moja kwa kidole, ila za Kiarabu huzisoma bila kusita. Basi Mwanahija huandika upande mmoja Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na bibi yake. Upande wa pili huandika Kiingereza, cha kuonyesha maofisa.

Saa moja na dakika nne, simu inalia. Ni ujumbe wa sauti, Bi Hajra ananong'ona kana kwamba rubani atamsikia: "Nimekaa. Mkanda nimefunga. Usinipigie tena, wamesema tuzime."

Mwanahija anacheka, anavuta kiti, kisha anakisukuma tena bila kukikalia.

Ana sababu za wasiwasi, na hafichi kwamba moja ni ya kujitakia. Alipopanga safari hii mara ya kwanza, alihesabu siku arobaini kuanzia tarehe aliyotoa daktari wa Maskati. Mtoto wa Fatu akachelewa siku nane.

"Mimi, mtoto wa pwani, nimehesabu arobaini kabla mtoto hajazaliwa! Nani anafanya hivyo?" anajisuta. Nafasi moja ya kubadili tarehe bila malipo ikaishia hapo. Halafu wa Lulu akawahi siku kumi na mbili.

Ilikuwa siku ya thelathini tangu Fatu ajifungue. Mwanahija alipiga simu Maskati akiogopa kuuliza, lakini Bi Hajra alikuwa ameshaamua.

"Fatu keshasimama, na wifi yake yupo," alimwambia. "Yule wa baridi hana mtu. Nitafutie njia, mwanangu."

Njia iliyopatikana ilikuwa na kasoro moja. Mwanzoni mume wa Lulu, Amin, angempokea mama mkwe kwa gari kiwanja cha ndege cha Manchester. Sasa Amin haondoki wodini. Bi Hajra itambidi apande treni mwenyewe hadi Leeds. Mwanahija aliandika kadi mpya usiku uleule, akazipiga picha, akazituma Maskati zikachapwe.

Wasiwasi mwingine ni wa miaka mingi. Mwaka 2016 Mwanahija alikuwa yeye mwenyewe huko Maskati na mumewe wa wakati ule, akisubiri mtoto wa kwanza. Mama yake, Biubwa, alipanda ndege kwenda kumlea. Njiani, pa kubadilishia ndege, alikaa mbele ya mlango usio wake mpaka ndege ikaondoka. Alikuwa na aibu ya kuuliza. Siku ya pili akarudishwa nyumbani, na fedha za kujaribu tena hazikuwapo.

"Nilijikanda mwenyewe," Mwanahija anasema, akitazama pembeni. "Maji yanaunguza, mkono haufiki mgongoni, nalia. Mama hakusema neno juu ya safari ile mpaka alipofariki. Iliniuma, na inaniuma."

Kadi ya kwanza aliiandika baada ya msiba huo, kwa ajili ya jirani.

Saa nane na robo mchana, ndege inatua Manchester. Saa tisa, kimya. Saa tisa na nusu, simu ya Bi Hajra bado imezimwa. Mteja anakuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, anapewa nakala tatu badala ya moja. Mwanahija anatoka kibarazani, anarudi, anafungua ratiba ya treni, anaifunga.

"Kakaa mahali," anasema ghafla. "Namjua. Kakaa."

Saa kumi na nusu Amin anapiga simu kutoka hospitali. Mfanyakazi wa usafi pale kiwanjani amempigia kwa namba iliyo kwenye kadi na kusema yupo mama mmoja kwenye benchi la mlango wa kutokea wageni, anasema jina lake tu, Amin, Amin. Mwanahija anaomba namba, anapiga. Mfanyakazi anampa Bi Hajra simu.

"Shikamoo mama. Umekaa hapo kwa nini?"

"Marahaba. Si umeniandikia mwenyewe? 'Kaa hapa, msubiri Amin, usiondoke hata akija nani.' Wamekuja maofisa wawili, nimekataa. Huyu nimemwita mimi, nimeona kavaa ushungi."

Alikuwa na kadi ya zamani. Fatu alimpa mpya, lakini zile za mwanzo Bi Hajra hakuzitupa. Alizichanganya zote katika mkoba mmoja.

"Ulitaka nizitupe wapi?" sauti yake inasikika chumba kizima. "Karatasi ina herufi za Kurani, niitie kwenye taka za watu?"

Mwanahija anajishika kichwa. Hakuna aya hata moja kwenye kadi zile. Ni maelekezo ya mabegi na vyoo. Lakini hata mama yake angefanya hivyohivyo, na yeye alipaswa kulijua hilo.

Mfanyakazi yule anampeleka Bi Hajra mpaka mlango wa treni. Saa kumi na moja inaondoka.

Sasa Mwanahija anaandika huku amesimama. Kuanzia safari ijayo, anasema, kila kadi itakuwa na namba, na safari ikibadilika, kadi mpya zitakuwa za rangi nyingine. Kila mama atapewa kifuko cha kitambaa chenye zipu, cha kuhifadhia za zamani hadi nyumbani. Mbele zaidi angependa achape kadi za miji kumi, ziuzwe hata Tanga.

Adhana ya Isha imeshatoka ujumbe wa sauti unapoingia. Nyuma yake kichanga kinalia.

"Mwanangu, nimefika. Nimemkuta Lulu, nimemkanda mikono na miguu, kidonda tutakiacha kwanza. Sasa sikiliza. Makka, nikishamaliza Umra yangu, nitafanya ya pili, kwa niaba ya mama yako. Niandikie jina lake vizuri kwenye ile kadi, nisije nikakosea."

Mwanahija anausikiliza mara mbili. Anatoa kadi ya Makka kwenye droo. Mahali pa tarehe hajaandika kitu. Safari hii, anasema, hahesabu mpaka arobaini ya Lulu itimie. Chini yake anaandika polepole, kwa herufi za Kiarabu, Biubwa binti Ishaka.

Halafu anavuta kiti, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, anakaa.