Bibi wa Em-pwapwa

Binti yangu haoni tangu azaliwe, ndiyo maana kompyuta yetu ya mtumba ilikuwa na programu ya bure ya kusoma maandishi kwa sauti. Sauti yenyewe mbovu, inakwaruza kama ya mtu aliyemeza vumbi la Dodoma kiangazi kizima. Mpwapwa, kwao baba yake, iliita "Em-pwapwa". Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. "Siyo hivyo, bibi! Sema Mpwapwa!"

Alishaiita bibi, na bibi husalimiwa. Kila asubuhi alisimama mbele ya kompyuta: "Shikamoo, bibi." Anabonyeza kitufe, maneno niliyoyaandika mimi yanasomwa: "Marahaba, mjukuu wangu." Hapo ndipo anakubali kukaa ajifunze herufi.

Kisha akaja shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, msomi wa chuo. "Shemeji, mpaka leo uko na toleo la zamani la programu hii?" Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akanitajia maneno, nikayaandika herufi kwa herufi, bando likiliwa kwenye simu yangu. Nilijiona fundi, sikatai. Kompyuta ikauliza: la zamani lifutwe?

"Kubali tu. Takataka hiyo."

Nikakubali. Sisi simu ikiuliza chochote tunabonyeza ndiyo ili itupishe.

Asubuhi mtoto akasalimia. Ikajibu sauti laini, tamu, kama mtangazaji wa redio. Akarudi nyuma.

"Mama, huyu nani?"

"Bibi. Amepona mafua."

"Mwambie aseme Mpwapwa."

Nikaandika. Ikasema Mpwapwa, safi kabisa. Mtoto akaangua kilio.

Nilimpigia shemeji nikiwaka. "Nirudishie bibi wa mtoto!"

"Aa, shemeji, si uandike amri ileile, uweke namba ya toleo la zamani?"

Nikaandika. Dirisha jeusi likanijibu halipo. Wenyewe walioitengeneza programu wameliondoa huko kwao. Nani aliwatuma?

Sasa binti yangu anajifunza kwa sauti mpya, na herufi anazijua. Ila yeye haisalimii tena. Anakaa, anabonyeza, anamaliza, anaondoka, kama mtu aliyekwenda mashineni kusaga. Nyumba imepoa.

Juzi nilijificha nyuma ya meza, nikakwaruza koo: "Marahaba, mjukuu wangu. Nimetoka Em-pwapwa."

Aliinamisha kichwa upande wangu.

"Mama," akasema, "toka huko."