Kukoboa Bure Maisha Yote

Nianze na kosa langu, kwa sababu kwetu mtu akishafariki watu humzungushia maneno mazuri mpaka inasahaulika nani alimfanya nini. Mama yangu alipopoteza mkono wa kulia kwenye mashine ya kukoboa mpunga, aliyeamua tudai nini nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza darasa la saba, Morogoro mjini naisikia tu, na nilijiona nina akili.

Mashine yenyewe ilikuwa Viwanja Sitini, hapa Ifakara, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mwenye mashine alikuwa mama yangu wa ubatizo. Yeye na mama walitoka pamoja upande wa Mahenge wakiwa wasichana, wakaolewa mwaka mmoja, wakafiwa na waume karibu pamoja. Mwenzake aliachiwa mashine, mama akaachiwa mimi na shamba la mpunga Idete. Waliitana "mzazi mwenzangu" hata wakiwa wamenuniana. Gauni langu la komunyo ya kwanza alilinunua yeye, likiwa na utepe mweupe kiunoni, na mpaka leo sijavaa nguo iliyonipa raha kama ile.

Masika mama alilima. Mavuno yakiisha, alikwenda kukaa pale mashineni na ungo wake, kama walivyofanya wanawake wengi. Mteja akikoboa mpunga, wao humpepetea, wakatenganisha mchele na chenga, na ujira wao ni hizo chenga. Tena ilikuwa desturi kwamba mchele unaomwagika chini ya mashine ni wa wapepetaji. Jioni waliufagia, wakagawana kwa kibaba. Waliufagia mashine ikiwa inanguruma, kwa sababu ile dizeli ikizimwa, kuipiga hendeli mpaka iwake tena ilikuwa kazi ya kutoa jasho wanaume wawili, na daima kulikuwa na mteja mmoja wa mwisho anayekuja na baiskeli. Mwenye mashine mwenyewe ndiye aliyewaambia wasisubiri izimwe. Nilimsikia kwa masikio yangu, si mara moja.

Siku hiyo nilikuwa nje nashona midomo ya magunia. Nikasikia mlio wa mashine umebadilika, umekuwa mzito, kama unapokobolewa mpunga mbichi. Nikafikiri ni mpunga mbichi. Niliendelea kushona, nikapiga mishono miwili mitatu hivi, kabla wanawake hawajaanza kupiga kelele. Mkanda wa mashine ulikuwa umeshika mkono wa blauzi ya mama alipoinama na ufagio. Hospitali walimkata chini kidogo ya kiwiko.

Mama wa ubatizo alilia kuliko sisi sote. Alikuja wodini kila asubuhi na chupa ya uji, akamwogesha mama, akamsuka nywele, akamkatia kucha za ule mkono uliobaki. Naeleza haya ili msije mkamwona shetani. Ningefurahi kama angekuwa shetani, kazi yangu ingekuwa nyepesi.

Mjomba, kaka yake mama, alikuja na baiskeli kutoka Lumemo. Alikuwa mtu wa maneno makali na mzaha wa kuudhi, aliyefanya kazi relini miaka mingi. Wiki ya kwanza haijaisha, alipitia mashineni kabla ya kuja wodini. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Dada, ule mkanda umewekewa wavu."

"Wavu gani?"

"Wavu wa chuma. Umefungwa vizuri, mtoto hawezi kupitisha hata kidole. Miaka yote hakuuweka, ameuweka juzi. Mtu haweki wavu kama anaamini kosa ni la mfagiaji."

Mjomba akatueleza kwamba mtu akiumia kazini sheria inamtambua. Kule relini mwenzake alikatika vidole viwili vya mguu, akafuatilia fidia yake, akajenga nyumba ya bati. "Vidole viwili, tena vya mguu," alisema. "Wewe ni mkono mzima." Alitaka twende ofisi ya kazi Morogoro na cheti cha daktari. Ikishindikana, twende mahakamani. Alitaka tuondoke wiki hiyohiyo, kabla wanawake wa mashineni hawajasahau walichokiona.

"Watasahau tu," mama alisema. "Watoto wao wanakula chenga za pale."

"Basi huyu mtoto atashuhudia. Alikuwepo."

Wote wawili wakanitazama. Niliona haya, nikatazama chupa ya uji.

Mama wa ubatizo naye alikuwa amesikia habari za Morogoro. Ifakara ya siku zile hukohoi Lumemo bila mtu wa Viwanja Sitini kukwambia pole. Akamwendea mwenyekiti wa jumuiya yetu, mzee mpole aliyekuwa akitufundisha dini, akamwomba tuyamalize nyumbani kama Wakristo. Kwa hiyo wiki mama aliyotoka hospitali, jumuiya ilikuja kusali rozari kwetu, na baada ya rozari watu hawakuondoka.

Mwenyekiti alisema ajali haina kinga.

"Mkanda ndio haukuwa na kinga," mjomba akadakia. "Sasa unayo."

Watu wakaguna. Mama wa ubatizo akasimama, macho yamemwiva kwa kulia. Akasema hana fedha ya kununua mkono wa mzazi mwenzake, na hakuna binadamu mwenye nayo. Lakini anacho alichopewa na Mungu, nacho ni mashine. "Kuanzia leo mpaka Mungu atakapomwita mmoja wetu, mpunga wa nyumba hii hautalipiwa. Liwe gunia moja, yawe mia, ataleta atakoboa bure. Maisha yake yote."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu asiye wa bonde letu atashangaa, lakini kwetu sisi lile lilikuwa neno kubwa. Mtu ulihangaika na mpunga tangu mvua ya kwanza, ukapambana na majani na ndege, halafu mwisho kabisa ukauacha mwingine kwa mwenye mashine ndipo ule wali. Kukoboa bure lilikuwa jambo ambalo kila mtu mle ndani angelitamani. Nadhani ndiyo maana hakuna aliyeliangalia mara mbili. Kila mmoja alikuwa akihesabu magunia yake mwenyewe.

Isipokuwa mjomba. "Na asiyekuwa na gunia akoboe nini?" aliuliza. Watu wakacheka, maana walimzoea.

Mama hakucheka. Alinigeukia mbele ya watu wote. "Mikono ya kulima sasa ni yako," akasema. "Wewe ndiye useme. Twende Morogoro, au tukubali?"

Nimeulizwa maswali mengi tangu siku ile, hata mengine mbele ya padri, na hakuna lililonitetemesha hivyo. Nilimtazama mjomba, nikaona basi, ofisi, watu wenye kalamu wakiniambia nirudie tena nilichosikia. Nilimtazama mama wa ubatizo, nikaona utepe mweupe. Nitasimamaje dhidi ya mtu aliyenisimamia ubatizoni? Na nitakuwa mwongo nikisema ilikuwa ni shukrani tu. Ilikuwa pia woga, na majivuno ya msichana mwenye mikono miwili yenye nguvu.

"Tukubali," nikasema. "Nitalima mimi."

Vigelegele vikarudi. Mama wa ubatizo alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Mama alisema tu, "Haya. Mwenye mikono amesema." Mjomba akachukua baiskeli yake bila kuaga.

Msimu wa kwanza nilitimiza. Tulihamia shambani Idete, nikalima, nikapanda, nikapalilia. Mama alikaa juu ya dungu akiamia ndege, anavuta kamba ya makopo kwa mkono wa kushoto na kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Tulipata magunia manane. Siku ya kukoboa, mama wa ubatizo alisimamia mwenyewe, akakataza hata pumba zetu zisiguswe. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Msimu wa pili niliugua malaria wakati wa palizi, majani yakatuzidi. Wa tatu nilikuwa nimeolewa Mlimba. Siwezi kumlaumu mume wangu, alikuja kwa adabu na wazee wake. Nilimwambia mama nitabaki. "Nenda, mwanangu," akasema. "Umri wako hausubiri msimu. Mimi nitakodisha shamba." Akasema akitabasamu, nami nikalichukua lile tabasamu kama ruhusa, kwa sababu nilikuwa naitafuta.

Shamba alilikodisha kwa madebe machache ya mpunga, basi. Alijaribu kurudi kupepeta, lakini ungo unataka mikono miwili. Aliubana tumboni na kigutu, akarusha, mchele ukamwagikia wateja miguuni. Wenzake walicheka, naye akacheka, hakurudia. Mpunga wake ulipokuwa kidogo, aliufunga kwenye khanga akaupeleka mashineni. Lakini mashine ile haiwashwi kwa vibaba viwili. Alisubiri mwenye magunia aje, auchomeke wake nyuma. Kuna siku alisubiri tangu asubuhi mpaka watu wanafunga. Majirani wakaanza kumwomba wapitishe magunia yao kwa jina lake, na kwa sababu alikuwa na haya ya kukataa, alikubali. Mama wa ubatizo akagundua. Walisemana mbele ya watu, wazazi wenza wale, na mama hakukanyaga tena pale.

Haya yote sikuambiwa. Niliyagundua siku niliyokuja kumsalimia na mwanangu wa kwanza mgongoni. Nilisikia kinu nikiwa bado njiani. Mama alikuwa uani, ameshika mchi kwa mkono wa kushoto, kigutu amekiegemeza kwenye mchi uende wima. Anatwanga mara tatu, anapumzika. Mwanamke aliyepewa kukoboa bure maisha yake yote alikuwa anatwanga mpunga kwa mkono mmoja.

"Shikamoo mama. Kwa nini usipeleke mashineni?"

"Marahaba. Mashine haiko mbali," akasema. "Mpunga ndio haufiki."

Nilimpokea mchi, nikatwanga nikilia, naye akamchukua mtoto na kumwimbia, hakunitazama. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Laiti angenilaumu. Ningemwomba msamaha na yeye angekuwa na nafasi ya kuninyima.

Alifariki mwaka wa ile mvua ya Elnino, maji yalipofunika mashamba. Ilikuwa homa, siku nne tu. Nilimkuta amekwishalazwa kwenye jeneza, kile kigutu kimefunikwa kwa rozari.

Watu wa bonde hawaji msibani mikono mitupu. Pamoja na njaa ya mafuriko, kila nyumba ilileta mpunga wa akiba, debe moja, nusu debe, mpaka yakatimia magunia sita. Tangu nilipoolewa nyumba ile haikuwahi kuwa na magunia sita. Vijana wakayapakia kwenye mkokoteni kwenda kukoboa, nami nikawafuata, sijui kwa nini.

Mama wa ubatizo alikuwa amefunga mashine kwa ajili ya msiba. Aliifungua. Aliwazuia wateja wengine mlangoni, akaamuru ipigwe hendeli, akasimama kando ya ule mkanda wenye wavu, kichwa amekifunga khanga nyeusi, mpaka gunia la sita likaisha. Mwenyekiti alipotoa fedha za rambirambi kumlipa, aliurudisha nyuma mkono wa mzee.

"Ahadi ni deni," akasema, akalia kwa sauti. Alikuwa analia kweli. Nilimjua vya kutosha kujua hilo.

Baada ya mazishi wali uligawiwa kwenye masinia, na watu wakausifu, wakasema mchele wa bonde letu hauna mfano. Mwenyekiti akaniambia nisimame nimshukuru mama wa ubatizo kwa niaba ya ukoo. Nikasimama, nikamshukuru. Nilipokaa, mjomba, ambaye sasa alikuwa mzee na baiskeli ameiacha, aliniinamia sikioni.

"Magunia mangapi?"

"Sita."

Akatikisa kichwa taratibu. Aliusogeza wali mbele yangu, akanawa mikono bila kuugusa. Mjomba hakula siku ile. Mimi nilikula, kwa sababu ni mimi niliyekubali.