Sinia la Bi Mwanahawa

Mimi ni mwalimu wa hesabu Tononoka, na mkate wa sinia haunitaki. Nikiupika haufuri, ukiukata, unavutika kama mpira. Sasa niambieni, mimi nimeolewa Kuze, ambako mke asiyeujua mkate huo huonekana ana ila, na mavyaa wangu, mamake mume wangu, wake husifiwa mtaa mzima kwamba haujapata kuungua hata siku moja!

Basi Ijumaa ile alipotualika, nikamwendea Bi Mwanahawa, mpishi wa karibu na Marikiti asiyetoa siri za wateja. Akanipa mkate juu ya sinia lake. Nikapita nao vichochoroni nikiringa kama bibi harusi.

Mawifi walionja, wakatazamana.

"Umepika mwenyewe?" akauliza mkubwa wao.

"Tangu alfajiri, wifi," nikajibu, nikapangusa jasho ambalo halikuwapo.

Mkate ulipokwisha, mavyaa akalichukua sinia akalioshe. Akaligeuza. Chini, kwa rangi nyekundu ya kucha, kama tunavyotia alama vyombo visipotee harusini, paliandikwa: BI MWANAHAWA. Mimi, mkaguzi wa madaftari ya watu, kitako cha sinia sikukikagua!

Mawifi wakashika midomo. Mavyaa akanitazama, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Akaingia jikoni, akatoka na sinia lake mwenyewe, akaligeuza mbele yetu sote.

Herufi zile zile, nyekundu.

"Mwanangu," akasema, "umenitua mzigo wa miaka thelathini."